Mita Nne

Nyumba ya Mukuka ilipungukiwa mita nne. Sheria mpya ya komini, yaani manispaa, ilitaka mita ishirini na tano kati ya ukingo wa maji na ukuta wa nyumba, na utepe ulipovutwa kutoka mto Kamwemba hadi ukuta wa jiko lake ulisoma ishirini na moja. Madamu Estelle, karani wa mazingira wa komini, alichovya burashi katika kopo la rangi nyekundu, akachora ukutani msalaba mrefu kama mtu. Siku kumi na tano, alisema. Baada ya hapo katapila.

Sheria yenyewe haikuwa mbaya, na hata walioilaani walijua ilikotoka. Mwaka juzi mvua za Februari zilibeba nyumba tatu za bondeni, na bibi Kasonde alikuwa ndani ya mojawapo. Walimpata siku ya nne, amenaswa na mizizi. Siku zile watu wote walipiga kelele kuuliza serikali iko wapi. Sasa serikali ilikuwa imekuja, na utepe mkononi: kando ya mto hakuna kujenga, hakuna kuchimba udongo, hakuna kumwaga kitu, matete na miti irudi mahali pake.

"Madamu, pima tena," alisema Albertine, mke wa Mukuka. "Ile kamba iko inalala. Vuta muzuri."

Estelle alikuwa na buti za mpira na matope hadi magotini. Alivuta tena bila kukasirika. "Mama Bénie, nimekupatia sentimita tano. Zingine sina."

Majirani waliojaa uani walicheka. Albertine hakucheka. Alienda akasimama pale ardhi ilipokatika, akanyoosha mkono juu ya maji.

"Hapa mbele yote ilikuwa bustani yangu. Lengalenga, matembele, bilolo. Bamama ba Kasapa balikuwa banakuya kuchukua mboga hapa hapa. Mayi ilikula kila kintu. Sasa juu ya mayi ilikula bustani, na nyumba munataka kuvunja?"

"Mayi njo ilikula?" aliuliza Estelle. Lakini hakumtazama Albertine. Alimtazama Mukuka.

"Mvua ilikuwa mingi," alisema Mukuka. Hapo hakudanganya. Mvua zilikuwa nyingi.

Estelle aliinama akaukagua ukingo. Ulikuwa umesimama wima. "Kwetu Kasenga mayi inakula kwa kulamba," alisema. "Hii imeng'ata." Akajifuta mikono, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Sikieni kifungu cha sita. Kama ukingo ulisogezwa na mkono wa mutu, kwa kuchimba ao kwa kumwaga udongo, sipimi kutoka maji ya leo. Napima kutoka ukingo wa zamani. Aliyechimba atalipa faini laki mbili, lakini nyumba yake inabaki. Mwenye kujua kitu akuje Alhamisi kwa shefu wa kartie. Nataka mutu mumoja tu wa kusema na kutia sahihi."

Aliposema "mutu mumoja tu" alikuwa akitazama ng'ambo ya mto. Kule ulisimama ukuta wa Bwana Franck, mrefu, wenye vipande vya chupa juu yake, na nyuma yake gereji ya magari manne. Asubuhi hiyo alikuwa ameupima pia. Mita ishirini na tano na nusu. Mwaka jana ukuta ule ulikuwa karibu kabisa na maji, na kila mwanamke aliyefua nguo pale alilijua hilo. Ukipimwa kutoka ukingo wa zamani, ungeanguka. Lakini Bwana Franck alikuwa amenunua kabini ya umeme, transfoma nzima, kwa fedha zake, na nusu ya mtaa ilikuwa imejiunga na nyaya zake. Aliyesema neno juu ya Franck alirudi kwa mishumaa.

*

Mukuka alikuwa fundi wa matofali ya kuchoma, na kamyo ya mizigo kuingia kwake ilikuwa kama mbuzi kuingia kwa mchinjaji. Hakuna aliyezihesabu. Ndiyo maana mambo yale yaliwezekana mchana kweupe.

Julai ya mwaka uliopita Albertine alienda Likasi na mtoto wao Bénie kumuuguza mama yake aliyevunjika nyonga. Alikaa miezi sita. Katika miezi hiyo Anaclet, dereva wa Franck, alikuja na kamyo ndogo akasema patron, tajiri wake, anatafuta udongo, faranga elfu kumi na tano kila safari. Mukuka alimpa udongo wa shimo lake la matofali. Shimo likatoa maji. Uliobaki ulikuwa udongo wa bustani ya mke wake, mweusi, mlaini, usioumiza mgongo. Akasema atachukua mstari mmoja tu wa mwisho, ule wa bilolo. Kisha wa pili. Anaclet aliupakia, akazunguka darajani, akaumwaga ng'ambo, majini, mbele ya ukuta wa patron wake. Mukuka aliuona unamwagwa. Kutoka kwake hadi kule hata mtoto angerusha jiwe likafika.

Fedha zile hazikuenda kwa mwanamke wala kwa mganga. Zilienda juu ya nyumba. Mabati ya zamani yalikuwa yametoboka, na André, kaka yake Albertine, alipokuja Pasaka alikaa na sahani mapajani huku tone likimdondokea kichwani. "Dada yangu mulimuoa," alisema mbele ya watu, "ao mulimuweka inje na bata?" Watu walicheka hadi wakakohoa. Neno lile lilimkaa Mukuka kama mfupa wa samaki kooni.

Albertine alirudi Januari, baada ya matanga ya mama yake. Alikuta paa jipya linametameta, na bustani haipo. "Mto," Mukuka alimwambia. "Usiku mumoya tu." Mwanamke yule alisimama ukingoni na kanga ya msiba, akalia upya. Wanawake wa jirani walikuja kumshika, na wengine wao walikuwa wameziona kamyo. Walidhani analijua jambo lile na analia kwa ajili ya mama yake. Mukuka aliwaacha wadhani hivyo. André alipokuja kuona paa aliambiwa ni fedha za tenda ya matofali mjini, na akanyweshwa pombe ya kutosha.

*

Siku ya tatu baada ya msalaba, Mukuka alivaa koti la harusi akaenda kwa Bwana Franck. Mlinzi alimwambia asubiri nje ya geti. Alisubiri saa mbili juani. Gari la patron lilitoka, likampita, likarudi, likampita tena. Mwishowe Franck mwenyewe alitokea kwa miguu, na kandambili, anatafuna kijiti.

"Mukuka. Koti ya nini na jua hii? Kuna ndoa?"

"Patron, ni juu ya nyumba. Mulisikia kifungu cha sita."

"Nilisikia." Franck alitema kijiti. "Na weye ulisikia muzuri? Aliyechimba analipa laki mbili. Nani alichimba?"

Mukuka alifungua kifungo cha koti.

"Miye nilinunua udongo. Mutu akiniuzia kuku, namuuliza kama ni ya mama yake? Ukifungua kinywa, wa kwanza kuanguka ni weye. Laki mbili uko nazo?"

"Sina, patron."

"Na mama ya watoto anajua?"

Hapo Mukuka aliangalia viatu vyake. Franck alielewa, akatabasamu kama mtu aliyepata funguo zake mfukoni.

"Basi tulia. Niko na watu mjini. Ule msalaba utafutwa, ni rangi tu. Na kama, Mungu atukinge, wakikataa, nitakupa kamyo ya kuhamisha vitu, bure, na kazi ya sentineli, kulinda hapa getini. Laki moja na nusu kwa mwezi. Nani tena atakupa vile katika huu mji?"

"Asante, patron," alisema Mukuka, na akainama kidogo. Aliinama bila kukusudia. Njia nzima ya kurudi kiuno chake kilikumbuka kuinama kule.

Nyumbani Albertine alimuuliza, "Alisema nini?"

"Alisema atatusaidia."

"Yeye? Juu ya nini?"

"Jirani ni jirani."

Albertine alishika kiuno. "Baba Bénie, miaka makumi mbili tunaishi, sijaona ule mutu anatoa hata mayi ya kunywa. Miye ntasema mwenyewe Alhamisi. Ntasema ukweli, na Mungu ataona."

Mficha uchi hazai, husema watu. Bado zilibaki siku mbili za kuzungumza na mkewe katika chumba chao, chini ya mabati yale. Jumanne alianza. "Mama Bénie," alisema. Albertine alikuwa akishona kifungo cha shati alilotaka mumewe alivae Alhamisi aonekane mtu mbele ya shefu. "Nini?" Akasema, "Chai iko?" Jumatano hakuanza kabisa.

*

Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, mzee Dominique, alipanga viti vya plastiki barazani. Taa ilikuwa inawaka mchana, umeme wa Franck. Franck mwenyewe alikaa mstari wa mbele, anachezea funguo za gari. Estelle alifungua daftari lake juu ya meza.

"Nauliza watu wa Kamwemba. Kuna mutu aliona ukingo kusogezwa na mikono?"

Christiane, jirani wa Mukuka, aliyekuwa ameziona kamyo zote thelathini na sita kutoka dirisha lake, alimnyonyesha mtoto ambaye hakuwa na njaa. Wengine walikuwa na mashimo yao wenyewe kando ya mto, na walikuwa wakihesabu laki mbili vichwani.

"Miye ntasema," alisema Albertine, na akasimama.

Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu wengi hivyo. Alikaza kanga kifuani. "Naitwa Albertine, mama ya Bénie. Naapa mbele ya Mungu na kaburi ya mama yangu, ambaye tulimuzika Desemba. Hakuna mutu alichimba pale. Bwana yangu ni mutu wa matofari, udongo anaujua kama mukono wake. Kama mwizi wa udongo alikuya angemuona. Ni mvua. Ni Mungu alituma. Siye hatuna kosa lolote, na mutu hana kosa hawezi kuvunjiwa nyumba."

Watu walipiga makofi. Lilikuwa neno la kutoka moyoni, na lilikuwa likiiangusha nyumba.

Estelle aliweka kalamu chini. "Mama, kaa kidogo. Fikiri. Ukisema mvua, nitaandika mvua. Kwa mvua sina kifungu. Mvua inaniambia nipime kutoka maji ya leo."

"Unataka niseme uongo?"

"Nataka useme uliyoona."

"Niliona mayi fasi kulikuwa bustani."

"Uliona wakati ilikuwa inaondoka?"

"Nilikuwa Likasi kwa mama. Lakini bwana yangu aliona."

Vichwa vyote viligeuka. Estelle naye aligeuka, polepole, na sauti yake ilishuka ikawa kama ya mtoto anayemwomba mzazi. "Baba Bénie. Weye njo mwenye parseli, kiwanja ni chako. Simama, sema. Ni mvua?"

Mukuka alisimama katika shati lenye kifungo kipya. Alimwona Franck anazungusha funguo kidoleni. Alimwona André, aliyetoka Katuba makusudi kuja kuwa upande wa dada yake, amekunja mikono kifuani, tayari kujivunia shemeji. Alimwona Albertine anamtikisia kichwa, sema, usiogope. Laki mbili ilikuwa kitu kidogo. Angeuza baiskeli na redio, angekopa. Kilichomshinda hakikuwa laki mbili.

"Kama vile mama amesema," alisema.

"Sikusikia, baba."

"Ni mvua."

Estelle aliandika. Aliwaita wote wawili watie sahihi. Albertine aliandika jina lake lote kwa herufi kubwa, akikaza ulimi kati ya meno, kwa sababu alitaka Mungu alisome bila taabu. Mukuka aliweka mstari tu. Walipokuwa wakitoka, Franck alimshika Mukuka mkono mbele ya watu na kumwita ndugu. Estelle alibaki mezani. Mzee Dominique akamwambia, "Mwanangu, umefanya kazi yako." Yeye akajibu, "Nimeifanya, ndiyo," na akafunga daftari kwa nguvu.

*

Msalaba haukufutwa. Siku ya kumi na tatu Mukuka alienda getini kuuliza, akaambiwa na mlinzi patron amesema hivi: niliongea, walikataa, kamyo itakuja Jumamosi saa moja asubuhi, muwe tayari.

Jumamosi ilikuja kamyo ile ile. Anaclet alikuwa mtu wa maneno mengi na hakuna aliyekuwa amemwambia anyamaze. Alirudisha kamyo kinyumenyume uani bila kuangalia kioo, hadi kwenye ukingo wenyewe, akaruka chini akicheka ili kuwachangamsha watu wenye huzuni.

"Mama Bénie, usiogope, hii kamyo njia ya huku inaijua yenyewe. Ata nikisinzia inafika. Safari makumi tatu na sita, si mucheso! Papa Mukuka, si weye ulinifundisha kurudisha mupaka kwa mustari wa bilolo?"

Albertine alikuwa amebeba sufuria mbili, moja ndani ya nyingine. Alisimama.

"Safari gani?"

"Za udongo, mama. Za patron." Anaclet alimtazama Mukuka, akaona uso wake, na kicheko kikamkauka. "Ao... pengine nachanganya parseli."

"Hauchanganye," alisema Albertine. "Makumi tatu na sita. Bei gani?"

Anaclet alijifanya anafunga kamba.

"Baba Bénie, bei gani?"

"Elfu kumi na tano," alisema Mukuka.

Christiane alikuwa ameshika godoro upande mmoja kusaidia. "Mukwetu," alisema kwa sauti ndogo, "nilifikiri unajua."

Albertine hakupiga kelele. Mukuka alikuwa amejitayarisha kwa kelele, hata kwa sufuria. Yeye aliziweka chini sufuria zake taratibu, akakaa juu ya mabati yaliyokwisha kung'olewa, yakalia chini yake.

"Uliniachilia niape," alisema. "Kwa mama yangu."

"Niliona haya ya kaka yako."

"Ya kaka yangu." Alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja chakula kilicholala. "Ulitaka André asicheke. Na sasa, Mukuka, atafanya nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwa Bénie amwite kwa jina lake. Kisha akamwuliza mabati yalikuwa mangapi, na misumari bei gani, na pombe ya André bei gani. Alijibiwa yote. Alikuwa mwuza mboga, hesabu hakuhitaji karatasi. Alipomaliza alisimama, akapandisha sufuria kamyoni, akamwita Bénie, akakaa mbele na dereva. Mukuka alipoweka mguu kwenye ubao wa nyuma ili apande pamoja na vitu, Albertine alimwambia Anaclet aondoe gari.

Katapila ilikuja Jumatatu. Estelle alisimama pembeni na buti zake, hakukaa. Ukuta wa jiko ulianguka kwanza, na msalaba juu yake.

*

Mambo yalihesabika hivi.

Kamyo thelathini na sita za udongo kwa elfu kumi na tano: faranga laki tano na elfu arobaini. Katika hizo, laki tano zilinunua mabati ishirini, elfu kumi na mbili misumari, na elfu ishirini na nane pombe ya shemeji. Mabati yenye matundu ya misumari yaliuzwa elfu tisa moja, yote laki moja na themanini. Faini, ambayo haikulipwa, ingekuwa laki mbili.

Nyumba: vyumba vitatu na jiko, matofali elfu nne na mia mbili, yaliyofinyangwa na kuchomwa na mtu mmoja kwa miaka mitatu. Yaliyotoka mazima baada ya katapila yalikuwa mia tatu hivi. Majirani waliyachukua.

Bustani: mistari kumi na miwili ya mboga. Ndiyo iliyokuwa ikimlipia Bénie shule, na Bénie aliacha darasa la sita la sekondari, mwaka wake wa mwisho, Machi.

Albertine yuko Katuba kwa kaka yake, chumba cha uani. André hajacheka hata mara moja, na hilo ndilo baya zaidi. Mukuka ni sentineli kwa Bwana Franck. Patron alisema laki moja na nusu. Anampa laki moja, kwa sababu ya kibanda anacholala. Kibanda kiko kati ya ukuta na mto, juu ya udongo mweusi. Mvua ya kwanza ilipopita, lengalenga ziliota pale zenyewe, kuuzunguka mlango, na yeye huzikanyaga akienda kazini.

Mita za bustani alizouza ni nane. Nyumba ilipungukiwa nne.